Kibodi moja, programu mbili, matokeo mawili: uzembe huu wa Linux kwa lugha zetu mpaka lini?

Wakuu, hili limevumiliwa vya kutosha. Anayeandika Kiamhari kwa IBus (programu ya kuingizia herufi) na m17n (kanuni zake za lugha mbalimbali) anabonyeza selam ndani ya kihariri cha maandishi cha GNOME (desktopu ya Linux), inatoka ሰላም. Anahamia programu ya Electron (iliyojengwa juu ya kivinjari cha Chromium) iliyo wazi pembeni, anabonyeza vitufe vilevile, inatoka selam. Kompyuta ile ile, kibodi ile ile. Hakuna ujumbe wa kosa, hakuna onyo, kimya tu. Akiuliza anajibiwa: "Ongeza mistari mitatu kwenye .bashrc." Mistari hiyo ni vigezo vya GTK_IM_MODULE, QT_IM_MODULE na XMODIFIERS, vinavyoiambia programu ipokee herufi kupitia wapi. Jibu hilo ni bovu, na watu wanaendelea kulinakili.

Kwanza, .bashrc ni faili linalosomwa na bash ndani ya terminali. Programu iliyofunguliwa kwa kubofya ikoni haiioni kabisa. Ndiyo maana unasikia mtu akisema "nikiifungua kwa terminali inakubali, kwenye menyu inakataa". Vigezo hivyo mahali pake ni faili lenye mwisho wa .conf ndani ya ~/.config/environment.d/, kisha utoke kwenye akaunti na kuingia upya. Na .xprofile, faili la vigezo la X11 (mfumo wa zamani wa kuonyesha madirisha), msiitegemee kwenye Wayland (mfumo mpya).

Pili, na hapa ndipo penye uozo wenyewe: GTK_IM_MODULE, QT_IM_MODULE na XMODIFIERS ni vitu vya enzi ya X11, ambako kila programu ilizungumza moja kwa moja na programu ya kuingizia herufi. Kwenye Wayland njia imebadilika. Programu inazungumza na msimamizi wa madirisha kwa itifaki ya text-input, naye ndiye anayewasiliana na IBus au mwenzake Fcitx. Vizuri. Lakini itifaki hiyo ina matoleo matatu yasiyoelewana! GNOME kwa miaka mingi ilikubali text-input-v3 peke yake. Qt 5 (Qt ni maktaba ya kujengea programu) ilifuata v2. Chromium ilianza na v1, na kila programu ya Electron hubeba Chromium yake ndani, mara nyingi ya zamani. Qt yenyewe ilipata v3 kwenye toleo 6.7, mwaka 2024. Kila mmoja alitekeleza kitu halali kwa upande wake, halafu wakaachia Wayland iwe chaguo-msingi kabla hawajakutana. Anayeandika Kiingereza hakugundua lolote, kwa hiyo kwa watengenezaji kazi ilikuwa imekwisha.

Kabla ya kugusa chochote, jua upo njia ipi. Andika echo $XDG_SESSION_TYPE. Ikijibu wayland, fungua xeyes (programu ndogo ya macho yanayofuata kishale) upitishe kishale juu ya dirisha lenye shida: macho yakikifuata, programu hiyo inapita XWayland, yaani bado inaishi kwa sheria za X11. Yakiganda, ni Wayland halisi.

Kwa KDE Plasma (desktopu nyingine) yenye Fcitx 5: nenda mipangilio ya kibodi, sehemu ya kibodi pepe, uchague Fcitx 5. Kisha FUTA GTK_IM_MODULE na QT_IM_MODULE, ubakize XMODIFIERS=@im=fcitx kwa ajili ya zile za XWayland. Kwa GNOME tumia IBus na usiweke GTK_IM_MODULE ya jumla.

Electron na Chromium mpya zipewe bendera hizi (nyongeza za amri ya kuanzisha programu):

--ozone-platform=wayland --enable-wayland-ime --wayland-text-input-version=3

Ikiwa Chromium ya ndani ni ya zamani mno, irudishe X11 kwa --ozone-platform=x11 na uweke GTK_IM_MODULE=ibus mbele ya amri ya programu hiyo moja tu. Ukiwa umekuza skrini kwa asilimia 125 au 150, maandishi yanaweza kufifia. Hiyo ndiyo fidia tunayopewa.

Programu zinazokuja na Qt yao wenyewe ni balaa jingine. Folda yao ya platforminputcontexts mara nyingi haina faili la Fcitx, ila la IBus lipo. Zianzishe kwa QT_IM_MODULE=ibus hata kama unatumia Fcitx 5, maana inaelewa lugha ya IBus.

Wanaoandika ĩ na ũ za Kikikuyu wana njia fupi: mpangilio wa kibodi wa ke (Kenya), aina ya kik (Kikikuyu), unatoa herufi hizo moja kwa moja bila IBus wala Fcitx, hivyo vurugu hizi zote haziwagusi. Uchagueni kwenye mipangilio ya desktopu. Amri ya setxkbmap kwenye Wayland inabadilisha madirisha ya XWayland tu, mengine yanabaki vilevile. GNOME ikiuficha:

gsettings set org.gnome.desktop.input-sources show-all-sources true

Kiamhari hakina mlango huo. Herufi 33 kwa sura 7 ni 231, hazienei kwenye vitufe, lazima ipite programu ya kuingizia.

Kwa hiyo nyie mnaosambaza programu za Electron: pandisheni toleo na muwashe v3 wenyewe, msimwachie mtumiaji kutafuta bendera tatu za siri. Na wanaoripoti tatizo, acheni kuandika "kibodi haifanyi kazi", ripoti hiyo itafungwa siku hiyohiyo. Taja jibu la XDG_SESSION_TYPE, toleo la desktopu, toleo la Electron, na ubandike matokeo ya fcitx5-diagnose au ibus version.