Bill Withers kwanini aliacha mziki?

Kijana wa Ng'ambo: Jamani jana kwenye daladala ya Bububu dereva kaweka Ain't No Sunshine gari zima kimya, huyu mwimbaji wake Bill Withers kaanza vipi na mbona akaacha?

Mpemba wa Wete: Kaka yule kazaliwa 1938 West Virginia kwa wachimba makaa, kakaa jeshi la majini miaka 9 halafu kiwandani akitengeneza vyoo vya ndege, albamu ya kwanza 1971 keshapita miaka 30. 1974 kaimba Kinshasa. Mabosi wa kampuni ya rekodi wakimpangia sana, 1985 katoa albamu ya mwisho basi. Kafa 2020.

Mama Swabra: Alikuwa na kigugumizi mpaka ukubwani. Mwanangu anacho, skuli wanamcheka, leo nimemsimulia haya kakaa kitako ananisikiliza tu, kisha kaniambia "mama niwekee tena ile nyimbo".