Naomba ushauri: laptopu ya Linux isiyochemka ndani ya begi

Mfasiri_Usiku
Wakuu, salaam. Laptopu yangu nimeichoka. Juzi nimeifunga ikiwa na chaji asilimia 80, nikaitia begini. Baada ya saa mbili naitoa: ya moto kama pasi, feni inavuma, chaji imebaki 11. Jina lake nalihifadhi. Kazi yangu ni tafsiri, yaani LibreOffice, kamusi zangu na kivinjari chenye tabu thelathini. Gemu sichezi. Natumia Debian, aina ya mfumo endeshi wa Linux, tangu 2016 na sina mpango wa kuhama. Nataka mpya, nyepesi, yenye kibodi ya kuandikia kutwa nzima. Kila ninayemuuliza ananijibu "ThinkPad" kama anayeitikia salamu. Niangalie nini hasa?

kobe77
ThinkPad. 😀

Bisibisi
Kobe hajakosea, ila ThinkPad ni ukoo mzima wa laptopu za Lenovo. Humo kuna za Intel, za AMD, na nyingine zina kadi ya grafiki ya NVIDIA juu yake. Usinunue jina, nunua chipu. Kwa kazi yako NVIDIA ni mzigo wa bure. Grafiki za Intel na AMD draiva zake (programu za kuendeshea kifaa) zimo ndani ya kerneli yenyewe, yaani kiini cha Linux, huhangaiki na kitu.

Halafu, wewe mtu wa Debian, tazama umri. Debian 12 ilitoka Juni 2023 ikiwa na kerneli 6.1. Ukiiweka kwenye mashine iliyoundwa baada ya hapo, Wi-Fi inaweza isionekane kabisa, ukadhani umeuziwa kimeo kumbe kerneli ndiyo haijamfahamu mgeni. Debian 13 ya Agosti 2025 ina 6.12. Mimi hununua toleo la mwaka uliopita, mashimoni wameshaanguka wenzangu.

Sasa hilo la begi. Laptopu za zamani zikilala, karibu kila kitu kilizimwa isipokuwa RAM, kumbukumbu ya kazi. Nyingi za sasa hazizimi hivyo: kila kifaa kinatakiwa kisinzie chenyewe, na kimoja kikikataa, nyumba nzima inakesha. Fungua terminali uandike

cat /sys/power/mem_sleep

Ukiona "deep", usingizi wa zamani upo. Ukiona "s2idle" (huo usingizi wa sasa) peke yake, usiikatae papo hapo, ijaribu. Washa Linux kutoka kwenye flashi, funga kifuniko, kanywe chai, rudi usome chaji. Muuzaji asiyekuruhusu kuchomeka flashi, muage kwa heshima.

DadaWaya
Naongezea kamera, maana tafsiri siku hizi ni mikutano mitupu. Ukiwa bado kwenye flashi, andika lsusb, amri ya kuorodhesha vifaa vya USB. Kamera ikiorodheshwa pale, kwa kawaida inafanya kazi bila wewe kugusa kitu. Isipoonekana, huenda ni zile zinazopitia IPU6 ya Intel (kichakata picha cha kamera), na hizo zimewatoa watu jasho. Pia uliza kama RAM imechomelewa kwenye ubao. Nyembamba nyingi ndivyo zilivyo, hutaongeza kesho, kwa hiyo anza na GB 16.

Mfasiri_Usiku
Dada, hilo la lsusb limeniokoa. Nimejaribu mbili leo, flashi mfukoni kama fundi. Ya kwanza nzuri ajabu, kioo kinang'aa, kibodi laini, lakini kamera haikuwemo kwenye orodha. Nimeiweka chini kwa huzuni. Ya pili ni ya AMD, sura ya kawaida tu, "s2idle" peke yake. Nikaifunga dakika arobaini, muuzaji ananitazama kama mwehu. Nilipoifungua: ya baridi, imepungua asilimia moja. Nimeichukua. Na ndiyo, kobe77, ni ThinkPad.

kobe77
😀😀

Mfasiri_Usiku
Kilichobaki ni kisoma alama za vidole. Nikigusa, kimya.

Bisibisi
Kaangalie namba yake kwenye lsusb, kisha uitafute katika orodha ya vifaa vinavyokubaliwa na libfprint, maktaba ya Linux ya visoma vidole. Ikiwemo, weka fprintd, programu inayoitumia. Isipokuwemo, nywila itakutosha.

DadaWaya
Na kabla ya kusanidi chochote, endesha fwupdmgr update, amri ya kusasisha programu-dhibiti, yaani programu iliyo ndani ya kifaa chenyewe. Kwangu kisomaji kilizinduka baada ya kupata programu-dhibiti mpya, nilikuwa nimeshakikatia tamaa miezi mitatu.

Mfasiri_Usiku
Inapakua sasa. Chaja nimechomeka, msiniulize.