Maili za safari ya kazi: za aliyekaa kitini au za ofisi iliyolipa?

Kamanga

Mwangaluka wakuu. Naleta hoja, tuitwange.

Hapa Mwanza na kando ya ziwa wapo watu wanaoruka masafa marefu mara nne hadi nane kwa mwaka bila kutoa senti mfukoni: mainjinia wa migodini, madaktari na watafiti, maofisa wa viwanda vya minofu ya sangara wanaofuata wanunuzi Ulaya, watu wa miradi ya ziwa. Ofisi inalipa tiketi, shirika la ndege linaandika maili, yaani pointi za zawadi za kuruka, kwa jina la msafiri. Zikitimia, msafiri anampeleka mama watoto Dubai bila nauli.

Msimamo wangu: maili hizo ni za ofisi, na pesa ikiwa ya umma basi hakuna hata mjadala. Mtoto akitumwa sokoni Kirumba na elfu kumi, muuzaji akamwongezea fungu la dagaa, fungu lile linaingia sufuria ya nyumbani. Haliwi la mtoto kwa sababu yeye ndiye aliyebeba kikapu.

Dirishani

Mfano mtamu mkuu, ila muuzaji huyu ana masharti yake. Programu za maili karibu zote za mashirika makubwa ya ndege zinasema mwanachama ni mtu mmoja mmoja, na jina kwenye akaunti lifanane na la pasipoti. Flying Blue (Air France na KLM), Skywards (Emirates), ShebaMiles (Ethiopian), Privilege Club (Qatar), zote hivyo. Ofisi haiwezi kufungua akaunti ya "Idara ya Fedha" ikavuna maili za watu kumi. Kuuza maili ni marufuku, ukibainika akaunti inafungwa na salio linakwenda nalo.

Pia watu wanadhani maili ni nyingi kuliko zilivyo. Chukua KLM kutoka Dar kwenda Amsterdam. Flying Blue inahesabu pesa, haihesabu umbali: asiye na hadhi, yaani ngazi ya msafiri wa mara kwa mara, anapata maili 4 kwa kila euro, Silver 6, Gold 7, Platinum 8. Euro zinazohesabiwa ni za nauli na tozo za shirika lenyewe, kodi za serikali na za viwanja hazimo. Tuseme sehemu hiyo ni euro 700: mgeni anapata 2,800, Platinum anapata 5,600. Kwa 2,800 huendi popote.

Hadhi ina hesabu yake, XP, pointi za kupandia ngazi. Dar–Amsterdam daraja la kawaida ni XP 10, daraja la biashara 30. Ukiunganisha Amsterdam kwenda London unaongeza 5. Kwa hiyo kwenda na kurudi London ni XP 30, na Silver inataka 100: safari nne. Gold ni 180, Platinum 300.

Na kipande cha Mwanza–Dar, kama kilomita 850 hewani, humo hakimo. Air Tanzania haiko kwenye muungano wowote wa mashirika ya ndege kati ya ile mitatu mikubwa.

Mhasibu wa Nyakato

Kamanga, umeshika mkia ukaacha ng'ombe. Maili zenyewe ni senti. Hasara inaingia pale msafiri anapochagua tiketi.

Angalia inavyokwenda. Ofisi inataka ankara kifani (proforma) tatu. Msafiri ana Gold kwenye muungano fulani. Anampigia wakala: "Niwekee ile ya kwangu, zile mbili tafuta za kusindikiza." Zinakuja tatu, moja ina saa 19 za kusubiri njiani, nyingine inafika usiku wa manane baada ya kikao kuanza, na ya tatu ndiyo yake, imezidi dola 180. Kamati inapitisha kwa sababu kwenye karatasi inaonekana ya busara. Msafiri kavuna maili za dola 20, ofisi imepoteza 180. Hata ukimnyang'anya maili zote hurudishi hiyo tofauti.

Wenzetu wamelipitia hili. Ujerumani mwaka 2002 iliibuka kashfa ya wabunge waliotumia maili za safari za bunge kwa mambo binafsi. Cem Özdemir na Gregor Gysi wakaachia nafasi zao. Mwaka 2006 mahakama kuu ya kazi ya nchi hiyo ikaamua kwamba mwajiri aliyelipia safari anaweza kumtaka mfanyakazi azitumie maili hizo kwa safari nyingine za kazi. Mantiki ni ya fungu la dagaa lile lile.

Bwiru

Marekani walikwenda upande mwingine. Kabla ya Desemba 2001 maili za watumishi wa serikali kuu zilikuwa mali ya serikali. Sheria iliyosainiwa mwezi huo ikaruhusu mtumishi abaki nazo, kwa sharti kwamba tiketi isiwe ya bei kubwa kuliko ambayo serikali ingelipa bila hizo maili. Kuzifuatilia ilikuwa kazi kubwa kuliko faida.

Hapa kwetu mtu atakwambia Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya 1995 inagusa zawadi. Sawa, lakini zawadi hutoka kwa mtu kwenda kwa mtu aliyejulikana. Maili anapewa yeyote aliyejiandikisha na kuruka. Sioni kama ni jambo moja.

Kamanga

Bwiru, "kazi kubwa kuliko faida" si hoja ya haki, ni hoja ya uvivu.

Bwiru

Siyo uvivu ndugu yangu. Jaribu kuziendesha. Maili za Skywards zinadumu miaka mitatu. Avios, ndizo maili za Qatar, zinakufa baada ya miezi 36 bila shughuli yoyote kwenye akaunti, Flying Blue miezi 24 usiporuka. Ofisi yako itamwajiri nani akae na nywila za akaunti za watu 40, kila moja na tarehe yake? Na tiketi ya maili nayo si ya bure: kodi zinalipwa taslimu, na mashirika mengi yanabakiza tozo yao ile inayoitwa ya mafuta. Mara nyingine ukijumlisha unakuta umebakiza pesa kidogo sana dhidi ya tiketi ya kawaida ya msimu wa chini.

Mabondo

Nyie wa maofisini mnagombania ngozi, sisi tunaojilipia wenyewe kwenda Guangzhou tunaona mambo mengine. Hadhi na maili vyote vinavunjika hapo hapo Mwanza, kwa sababu ya tiketi mbili.

Ofisi nyingi zinanunua Mwanza–Dar kivyake na Dar–nje kivyake kwa kuwa jumla inatoka ndogo kwa dola 30 au 40. Ndege ya Mwanza ikichelewa kwa mvua ya ziwa, na Machi hadi Mei mvua hizo si za kubahatisha, ukifika Dar kaunta imefungwa. Kwa shirika la pili wewe si msafiri aliyecheleweshwa, wewe ni msafiri ambaye hakutokea. Mfumo unafuta vipande vyote vilivyobaki, pamoja na cha kurudi. Kadi yako ya Gold utaionyesha kwa nani?

Tiketi ikiwa moja, yaani namba moja ya tarakimu 13 inayobeba MWZ (Mwanza) mpaka mwisho, mzigo wa kukufikisha ni wao. Watakuweka ndege inayofuata. Begi linafungwa lebo Mwanza. Kabla hujaondoka kaunta soma zile herufi tatu za kituo cha mwisho kwenye karatasi yako ya begi. Kama zinasomeka DAR na wewe unakwenda CAN (Guangzhou), begi litaishia Dar, ulidai au hukudai.

Ukilazimika kuwa na tiketi mbili, usipange chini ya saa sita kati yake. Unasubiri begi, unahama jengo kwenda Terminal 3, unapanga foleni upya, na dirisha la masafa marefu hufungwa dakika 60 kabla. Safari muhimu, nenda jana yake ulale Dar.

Isamilo

Mabondo kasema kweli, naongeza la begi. Hapo hadhi haina kazi, Mkataba wa Montreal wa 1999 unawahusu wote, na Tanzania ni mwanachama. Begi lisipofika, andikisha fomu ya PIR (taarifa ya begi lenye tatizo) kabla hujatoka ukumbi wa mizigo. Lililoharibika: malalamiko kwa maandishi ndani ya siku 7. Lililochelewa: siku 21 tangu ulipokabidhiwa. Likipita siku 21 halijaonekana, linahesabiwa limepotea. Ukomo wa fidia tangu mwisho wa Desemba 2024 ni SDR 1,519 kwa msafiri, SDR ikiwa kipimo cha fedha cha IMF. Kesi mwisho miaka miwili.

Ila nina swali kwa Kamanga na Mhasibu. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 261 ya 2004 inatoa euro 600 kwa safari ya zaidi ya kilomita 3,500 iliyofika na kuchelewa saa tatu au zaidi kwa kosa la shirika; ikiwa kati ya saa tatu na nne wanaweza kukata nusu. Inashika ndege yoyote inayoondoka Umoja wa Ulaya, na inayoingia humo ikiwa tu shirika ni la humo. KLM kutoka Dar imo. Qatar au Ethiopian kutoka Dar haimo, lakini ukirudi nao kutoka Paris imo. Pesa hiyo anapewa abiria, hata kama tiketi kalipa mwajiri. Je, nayo ni fungu la dagaa?

Mhasibu wa Nyakato

Hapana, hiyo ni ya aliyeketi kwenye benchi saa tano. Ofisi haikuchoka. Lakini ukilala hotelini usiku huo na ofisi ikakulipia, kisha ukaidai hoteli hiyo hiyo kwa shirika la ndege, gharama hiyo irudi ofisini. Na nauli ikirejeshwa kwa safari iliyofutwa, inarudi kwa aliyelipa. Tusichanganye fidia na marejesho.

Dirishani

Sasa nilete kitu ambacho kingetakiwa kuja mwanzo. Mnagombea maili kana kwamba zipo za aina moja. Mashirika yana programu za kampuni zinazokwenda sambamba na za msafiri: Emirates wana Business Rewards, Qatar wana Beyond Business, Air France na KLM wana bluebiz. Tiketi moja, kampuni inapata pointi zake na msafiri anapata maili zake, hakuna anayemkata mwenzake. Kampuni inajisajili kwa nyaraka zake, inapewa namba, wakala anaiingiza kwenye buking kabla ya kutoa tiketi. Hakikisheni kwanza kama Tanzania ipo kwenye orodha ya nchi zinazoruhusiwa, na kwamba wakala wenu anajua mahali pa kuiweka. Ikisahaulika wakati wa kutoa tiketi, kuidai baadaye ni usumbufu.

Na sababu kubwa za maili kupotea Mwanza hazina uhusiano na haki ya nani. Kuna tatu:

Herufi ya daraja la nauli. Tiketi tatu za viti jirani, herufi ya moja inalipa maili zote, ya nyingine robo, ya nyingine sifuri. Nauli za makundi na zile maalumu za mashirika ya misaada mara nyingi ziko huko kwenye sifuri. Muulize wakala herufi, si "daraja la kawaida" tu.

Shirika linalorusha. Umenunua kwa namba ya shirika hili, ndege ni ya lile. Programu nyingine zinafuata namba, nyingine zinafuata mwenye ndege.

Karatasi. Mhasibu anataka vipande vya bodingi pasi ili ufunge masurufu, na programu nayo inavitaka ukidai maili zilizokosekana, kwa Flying Blue na Skywards ndani ya miezi 6. Vipige picha, pamoja na namba ya tiketi, kabla hujavikabidhi.

Kamanga

Hiyo ya programu sambamba inanipunguzia moto, nakubali. Basi nasogea: hadhi, begi la ziada, foleni fupi na launji viwe vya msafiri, yeye ndiye anayekesha angani. Pointi za kampuni ziwe za kampuni. Ila kwa ofisi za umma bado nataka maili za msafiri zitamkwe kwenye waraka.

Mhasibu wa Nyakato

Zitamkwe, lakini waraka uanze na tiketi. Ningeandika hivi: tiketi moja kutoka MWZ hadi mwisho, inachaguliwa ya bei ya chini kati ya zile ambazo muda wake wote hauzidi ile fupi kabisa kwa zaidi ya saa nne, ankara kifani aombe ofisa ununuzi, si msafiri, na namba ya uanachama ya msafiri iingizwe na msafiri mwenyewe baada ya tiketi kutolewa, kwenye tovuti ya shirika, kwa PNR (namba ya buking) na jina la ukoo. Wakala asiijue kabla. Hapo mtu akibaki na maili zake 2,800 sina ugomvi naye.

Mabondo

Na saa nne hizo mhesabu kuanzia Mwanza, siyo kuanzia Dar. Hapo ndipo njia ya barabara inaingia. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 hakuna tena foleni ya kivuko, na Entebbe kupitia Bukoba na Mutukula imekuwa chaguo la kujadiliwa, hasa kwa wa Geita na Sengerema. Bei za Entebbe mara nyingine ni tofauti kabisa na za Dar kwa shirika lile lile. Ila ni safari ya siku nzima na mpaka katikati, cheti cha homa ya manjano kiwe mkononi.

Mhasibu wa Nyakato

Kaka, nikiweka basi la Mutukula kwenye waraka, msafiri atadai posho ya kulala njiani kwenda na kurudi. Nimeshaondoa unafuu wote.

Mabondo

Basi iandikwe kwa wanaojilipia.