Tupeane uzoefu: kuwaanzisha watoto wa skauti kuangalia ndege

Kiongozi wa Kabu, Morogoro
Wadau, salaam. Jumamosi ya pili ya Oktoba, siku ya ndege wahamao, tuliwapeleka kabu (skauti wadogo) 32 na wazazi wao bwawani. Ratiba ilisema saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mgeni rasmi akatokea saa tatu, akahutubia mpaka jua likawa kali na ndege wote wakajichimbia vichakani. Watoto waliona kunguru, yangeyange wawili na spika.

Kilichoniokoa ni mgunga mmoja uliojaa viota vya kwera. Niliwakalisha chini, nikawaambia tumtazame dume mmoja tu. Alikuwa akichana jani la tete kuwa uzi, anausokotea kwenye kiota, kisha ananing'inia kichwa chini akipigapiga mbawa kumwita jike. Jike akaja, akaingia kwa mlango wa chini, akakagua, akaondoka zake. Mtoto mmoja akapiga kelele: "Amekataa nyumba!" Nikawaambia kiota kisipopata mwenyewe, dume hukibomoa akaanza upya. Basi hapo hakuna aliyetaka kuondoka hata kwa soda. Mwaka huu narudia. Wenzangu mlifanyaje?

Mama Chipukizi, Nairobi
Pole kiongozi. Hotuba sisi tulizihamishia kwenye chai.

Tulikuwa Arboretum, watoto 20, darubini nne. Ukizigawa mapema umegawa ugomvi. Nusu saa ya kwanza ni macho kufumba na kusikiliza, kila sauti mpya mtoto anakunja kidole. Kwarara anawapa moyo, maana yule hata asiye makini anamsikia.

Kosa langu lilikuwa kuwafundisha kuelekezana kwa saa, yaani mti uwe kama uso wa saa. Nikamwona ndege aitwaye chozi, nikasema, "Chozi, saa tatu ya mti!" nikimaanisha upande wa kulia. Nusu yao wakatazama kushoto. Kwao saa tatu ni mshale mfupi ukiwa kwenye 9, na hawakukosea! Chozi akaenda zake tukibishana. Siku hizi tunasema tu, "kulia, juu ya tawi lililovunjika."

Babu wa Mida
Huku kwetu Kilifi ratiba anayo bahari. Mara ya kwanza tulifika Mida maji yametoka kabisa, ndege vidoadoa huko mbali. Njooni maji yakianza kujaa, yanawasogeza wenyewe hadi karibu na mikoko.

Nilibeba kitabu cha Kiingereza, kumbe watoto wa wavuvi wanawajua ndege kama sululu na chekeamwezi kuliko mimi. Nilichowazidi ni habari za yule mweupe mwenye mgongo mweusi, mdomo mnene, mla kaa, ambaye kitabu kinamwita crab plover. Nikawaeleza kwamba huzaliana pwani za Oman na Ghuba, akichimba shimo mchangani na kutaga yai moja humo. Binti mmoja akaniuliza, "Sasa babu, ni wetu au wa Waarabu?" Mwenye jibu anisaidie, mimi nilikohoa tu.

Kaka wa Tanga
Nyie mnalia darubini, wangu walikuja na manati mfukoni. Saba! Sikufoka. Niliweka kapu, nikasema kila mtu ataichukua yake jioni. Na niwaambie ukweli, yule fundi wa kulenga ndiye aliyekuwa wa kwanza kuona kila kitu. Anajua tawi gani ndege atatua kabla hajatua. Nikampa darubini na daftari, akawa kiongozi wa kikundi. Jioni manati yake aliichukua, siwadanganyi. Ila Jumamosi iliyofuata alikuja bila kuitwa kunionyesha kiota cha dudumizi, na akanikataza nisisogee.

Kiongozi wa Kabu, Morogoro
Kapu nitabeba. Na barua ya mgeni rasmi nimeshaiandika: afike saa nne, wakati wa chai.