Ile meli ya Wajerumani kwenye "The African Queen" ndiyo Liemba yetu?

MtotoWaKirando

Habari za jioni wakuu. Jumapili nimeangalia na baba filamu ya The African Queen, ile ya 1951 ya Humphrey Bogart na Katharine Hepburn. Wale wawili wanashuka mto Ulanga na kijiboti chao kibovu mpaka ziwani, wakaizamishe meli ya Wajerumani, na mwishoni inalipuka kweli. Baba akasema palepale, "Hiyo ndiyo Liemba." Nikambishia. Liemba, meli ya abiria ya Ziwa Tanganyika, nimeipanda mwenyewe nikienda shule Kigoma, tena kwa kurushwa na begi langu kutoka kwenye mtumbwi maana Kirando meli ilikuwa inasimama mbali na ufuko. Ingelipuliwa vita ya kwanza, ningeipandaje? Baba alinyamaza tu. Toka siku hiyo najisikia vibaya, nilimbishia mbele ya wadogo zangu. Naomba anayejua anieleze: nani yuko sahihi?

MzeeWaGatini

Mwanangu, baba yako kasema kweli, kamwombe radhi. Mimi mzaliwa wa Ujiji, marehemu baba yangu alikuwa kuli gati la Kigoma, na habari za meli hii nimezisikia kabla sijaanza shule.

Kwenye filamu wameiita Louisa, lakini mfano wake ni Graf von Götzen. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande na kutiwa kwenye masanduku 5,000 hivi. Yakaja kwa bahari hadi Dar es Salaam, kisha kwa reli ya kati hadi Kigoma, na mafundi watatu wa hukohuko Papenburg, mkubwa wao Anton Rüter, wakaja kuiunga upya. Ilishushwa majini Februari 1915. Filamu inaanzia Septemba 1914, wakati huo hapakuwa na Götzen yoyote ziwani.

Na hakuna boti iliyoilipua. Waingereza walileta boti mbili za injini, Mimi na Toutou, mkuu wao Geoffrey Spicer-Simson. Tarehe 26 Desemba 1915 wakaiteka meli ndogo ya Wajerumani, Kingani, na Februari 1916 wakaizamisha nyingine, Hedwig von Wissmann. Götzen ilipojitokeza, hawakuifuata. Ilikuwa kubwa mno kwao, na ilifungwa mzinga uliotolewa kwenye Königsberg, manowari iliyoishia delta ya Rufiji. Baadaye mzinga huo ukatakiwa vita ya nchi kavu, Götzen ikabaki na mzinga wa bandia wa mbao.

Julai 1916 Wabelgiji wakawa wanaikaribia Kigoma, na amri ikatoka meli izamishwe na wenyewe. Rüter na wenzake wakazipaka injini grisi nene, chuma kwa chuma, wakaijaza mchanga, wakaiteremsha taratibu karibu na Malagarasi inapoingia ziwani. Baba akifika hapo alikuwa anasugua viganja vyake polepole, unaiona kabisa ile grisi. Alisema fundi hawezi kuiua kazi ya mikono yake, anailaza tu.

Wabelgiji waliiopoa, ikazama tena kwa dhoruba. Waingereza wakaiinua 1924, wakakuta injini bado zinafaa, na 1927 ikaanza safari kwa jina la Liemba. Ndiyo uliyoipanda wewe.

Huo mto nao ni wa kubuni. Ulanga tunaoujua sisi uko Morogoro, maji yake yanakwenda Rufiji na kuishia Bahari ya Hindi. Ukiufuata na boti hufiki Tanganyika hata ukiomba dua.

Lakini kinachoniuma ni kingine. Mwanzoni mwa filamu askari wanachoma kijiji na kuwaswaga watu, halafu watu wale hatuwaoni tena, tunabaki na Wazungu wawili kwenye boti. Wale walikwenda wapi? Walikwenda kubeba mizigo. Upande wa Uingereza peke yake wapagazi waliokufa wanakadiriwa kufika 95,000, wengi kwa kuhara, malaria na njaa. Jina la Kariakoo limetoka kwenye kikosi chao cha wapagazi, Carrier Corps. Watu wananunua viatu pale kila siku na hawajui wamesimama kwenye jina la nani.

BintiKalemie

Jambo wandugu. Mzee kaeleza vizuri, ila upande wetu wa Kongo kaupita haraka. Zile Mimi na Toutou zilipelekwa na meli hadi Cape Town, treni ikazifikisha Fungurume, na hapo reli ikaisha. Kutoka Fungurume hadi Sankisia, zaidi ya kilomita 200, zilikokotwa porini na kupandishwa milima ya Mitumba kwa matrekta ya mvuke na ng'ombe. Njia ilikatwa na watu wetu, na madaraja ya magogo ni wao waliyajenga. Matrekta yale yalikunywa maji kuliko ng'ombe, na maji yalipokosekana mamama wa vijiji waliyabeba kichwani kwa vyungu. Ukitafuta jina la hata mmoja wao hulipati, lakini majina ya boti kila mtu anayajua.

Mrundi_Nyarugusu

Naomba niongeze langu dogo. Mei 2015 nilikuwa Kagunga, kijiji cha Tanzania mpakani na Burundi, ufukweni, na maelfu wenzangu tuliokimbia Burundi. Nyuma mlima, mbele maji, na kipindupindu kati yetu. Liemba ilikuja ikasimama mbali, tukapelekwa kwa boti ndogo, watu kama 600 kila safari. Mama alikuwa hawezi kusimama. Baharia mmoja alimbeba mgongoni hadi ndani, akamlaza juu ya gunia tupu karibu na mlango wa injini, palipo na joto. Sikujua kama ni meli ya vita. Mimi nilijua ni meli iliyotufikisha Kigoma.

MtotoWaKirando

Asanteni sana, na pole ndugu yetu wa Nyarugusu. Jana usiku nimemsomea baba majibu yote, baada ya kumwomba radhi mbele ya wadogo zangu walewale. Alisikiliza macho kayafumba. Nilipomaliza akasema, "Rudia pale pa grisi."