Tupeane uzoefu: njia za changarawe zisizo na magari, vijijini Ufaransa

Mwendapole

Wakuu habari za jioni. Kila mara napata ujumbe kutoka kwa watu waliohamia Ufaransa au wanaokuja likizo kwa ndugu zao, wanauliza wapi mtu anaweza kuendesha baiskeli siku nzima kijijini bila lori kumpumulia mgongoni, najibu mmoja mmoja mpaka vidole vinauma, sasa nimeona bora tuweke yote hapa. Masharti mepesi tu, andika njia uliyopita mwenyewe, useme chini pakoje, maji ulipata wapi na ulirudije.

Naanza mimi. Niko Lyon, na njia iliyonikaa moyoni ni Dolce Via kule Ardèche. Hii ilikuwa reli nyembamba ya treni za mvuke, ikafungwa 1968, vyuma vikang'olewa, tuta likabaki, na ndilo tunalopita leo, karibu kilomita 90 za changarawe laini iliyoshindiliwa. Inaanzia La Voulte kando ya mto Rhône, inafuata bonde la mto Eyrieux mpaka Le Cheylard, pale inagawanyika, tawi moja linakwenda Lamastre na jingine linapanda Saint-Agrève ambako ni zaidi ya mita 1,000 juu ya bahari. Usiogope hiyo namba. Treni zile zilikuwa haziwezi mlima mkali, kwa hiyo waliojenga waliizungusha reli kila kona ya kilima ili ipande kidogo kidogo, na wewe leo unafaidi, unapanda masaa mazima umekaa kwenye kiti unaongea na mwenzio, mto unausikia chini kabisa huko, na gari husikii. Bonde hili lilisifika sana kwa mapichi, kiangazi ukikuta mtu anauza nje ya ua wake simama ununue, mimi nililila palepale maji yanachuruzika mpaka kwenye kiwiko.

Kufika ni rahisi, treni ya mkoa mpaka Valence, baiskeli unaingia nayo behewani, halafu unafuata ViaRhôna, njia ya baiskeli ya kando ya mto Rhône, kwenda kusini mpaka La Voulte.

Tangu nipite pale, kila njia ya huku nauliza kwanza kabla yetu ilikuwa ya nini. Ilikuwa reli, itapanda taratibu. Ilikuwa ya farasi wanaovuta mashua, itakuwa bapa. Ni ya shamba au msitu, hapo jipange maana aliyeichonga alikuwa anawaza trekta yake, hakukuwaza miguu yako. Karibuni.

mtoto_wa_Eldo

Asante mkuu kwa kuanzisha. Mimi ni Mkenya niko Rennes, nimekulia kwa barabara za murram so changarawe si kitu kigeni, chenye kilinishangaza huku ni kwamba unaweza kupata murram nzuri halafu nduthi hakuna, matatu hakuna, kimya tu.

Njia yangu ni mfereji wa Nantes mpaka Brest, kilomita 364 hivi. Napoleon ndiye aliutaka kwa sababu meli za Waingereza zilikuwa zimefunga bandari ya Brest, akataka mzigo upitie ndani ya nchi badala ya baharini, ila kazi ilichukua miaka mingi sana mpaka yeye mwenyewe akaondoka madarakani. Ile njia ya kando walikuwa wanapita farasi wakivuta mashua kwa kamba, sasa ni yetu. Chini ni mchanga na changarawe zimeshindiliwa, tairi ya milimita 38 au 40 inatosha kabisa, na mlima hakuna isipokuwa kale kamlima kadogo ka kupanda kila ukifika kwa lango la maji, yaani pale mashua zinapandishwa au kushushwa kutoka maji ya chini hadi ya juu.

Hayo malango ndiyo napenda zaidi. Kila moja lina nyumba ya mlinzi, nyingine ziko na maua mpaka kwa dirisha, zingine wamegeuza kuwa mahali pa kahawa. Kati ya Rohan na Pontivy yanafuatana karibu karibu sana, unatoka kwa moja unaona lingine. Ukipita Josselin shuka kwa baiskeli bana, ile ngome ya familia ya Rohan imesimama juu ya maji moja kwa moja, minara mitatu, hakuna picha inaweza kukuonyesha ukubwa wake. Na mjue mfereji haupitiki wote kwa mashua, bwawa la Guerlédan lilizamisha kipande chake karne iliyopita, kwa hivyo pale njia ya baiskeli inazunguka ziwa na hapo ndio utatoa jasho kidogo.

Baada ya mvua wiki nzima, na Bretagne mvua ni kawaida, huo mchanga unakuwa mzito na unakula cheni. Beba kichupa cha oili.

Binti Kigamboni

Shikamooni wakubwa. Mimi nakuja kwa dada yangu mwezi wa sita, nataka sana hizi njia lakini naogopa njaa na kiu, nasikia vijijini huko unaweza kupita kutwa usione duka. Ni kweli?

MamaZuhura

Marahaba mwanangu. Ni kweli kabisa na hili wengi hawaambiwi. Duka la kijijini likifunga saa sita mchana linafungua saa nane au tisa, Jumapili mchana usitegemee kitu, na Jumatatu hata mkate vijiji vingi hupati kwa sababu muoka mikate naye anapumzika. Nunua asubuhi, weka kwenye mfuko, endelea na safari yako.

Maji ni makaburini. Naona umeshtuka, na mimi nilishtuka, nikaona uzito kuingia na chupa mahali pa marehemu, mpaka bibi mmoja wa pale kijijini akanishika mkono akanipeleka mwenyewe bombani. Kila kijiji kina makaburi na kwa kawaida pana bomba karibu na geti kwa ajili ya kumwagilia maua, waendesha baiskeli wote wa huku wanajaza hapo. Unaingia taratibu, unafunga geti vizuri. Soma kibao tu, kikisema eau non potable usinywe.

Sasa na mimi niweke yangu. Mimi naendesha na watoto, mkubwa ana baiskeli yake, mdogo yuko kwenye trela, kwa hiyo kwangu neno bila magari si starehe, bila hilo sitoki nyumbani. Njia inayonipa amani ni Passa Païs kule Haut-Languedoc, reli ya zamani tena, kutoka Mazamet mpaka Bédarieux, karibu kilomita 80, changarawe laini na trela halirukiruki. Kuna mahali karibu na Courniou unaingia handaki refu zaidi ya nusu kilomita, la Fenille, na juu yake ndio mgawanyiko wa maji, mvua inayonyesha upande mmoja inakwenda Atlantiki na ya upande wa pili Mediterania. Wanangu huwa wanasimama kwenye mdomo wa handaki wanabishana nani yuko bahari gani. Hata hali ya hewa inabadilika, unaingia kwenye misitu ya kijani yenye ubaridi, siku nyingi unatokea kwenye jua na mizabibu haiko mbali. Valisha watoto majaketi kabla ya kuingia, ndani kuna baridi na matone, na taa ni lazima.

Lala Olargues ukiweza. Kijiji kiko juu ya mwamba, mto Jaur chini yake, daraja la mawe la zama za kati upande mmoja na daraja la chuma la reli upande mwingine, hilo la chuma ndilo unalolipita na baiskeli.

Mushi wa Bukavu

Jambo sana wandugu. Miye niko Toulouse, na siwezi kunyamaza kama mufereji wa Midi haujatajwa. Kilomita 240 toka hapa mpaka ziwa la Thau karibu na bahari, kazi ya Pierre-Paul Riquet, mufalme alitoa ruhusa 1666 wakamaliza 1681, na Riquet mwenyewe alikufa 1680, miezi michache mbele ya kuona mashua ikipita. Kilomita 50 za kwanza ni lami, nzuri kwa mutu anayeanza. Ukifika Port-Lauragais lami inaisha na hapo ndio changarawe, na baadaye inakuwa udongo tupu na mizizi ya miti imenyanyuka kama mishipa ya mukono wa muzee. Punguza upepo kwenye tairi, usikaze mikono kwenye usukani.

Kinachoniuma ni miti. Mufereji huu ulipandwa miti ya platani, elfu arobaini na zaidi, kivuli chake ndio kilikuwa utamu wote. Tangu 2006 kuna ugonjwa wa kuvu unaingia ndani ya mti na dawa haina, kwa hiyo wanakata na kuchoma palepale ili usisambae. Miye nilipita mahali nilipopazoea, nikakuta jua kali na visiki pande zote mbili, nikashuka kwenye baiskeli. Wanapanda aina zingine sasa, lakini wenye watoto wadogo wajue, kivuli vipande vingine hakiko tena, kofia na maji mengi mwezi wa saba na wa nane.

Fundi Spoku

Nyie wote mmeweka za reli na mifereji, mimi niweke za shamba. Niko karibu na Troyes. Mliotazama Tour de France 2024 mtakumbuka siku ya tisa, ilianzia na kuishia Troyes, vipande 14 vya barabara nyeupe, jumla kilomita 32, hata baadhi ya waendeshaji wa Tour wakashuka kusukuma kwa miguu kwenye mlima. Zile barabara ziko pale kila siku na ni bure. Zinapita katikati ya mizabibu na mashamba ya ngano, nyeupe kwa sababu ya chokaa, kukikauka ni raha tupu. Mvua ikinyesha usiende, nasema kama fundi. Ile chokaa inakuwa tope linalonata, linajaa kati ya tairi na foku, ule uma unaoshika gurudumu la mbele, mpaka gurudumu linagoma kuzunguka, na likikauka ni saruji, nimezifungua baiskeli nyingi za watu waliodharau. Tairi milimita 42 kwenda juu, tyublesi, yaani isiyo na tyubu ndani, kama unaweza kwa sababu mawe yake yana ncha. Hapo utakutana na trekta, hasa mwezi wa tisa wakati wa mavuno, zile ndefu zinazopita juu ya mstari wa mizabibu. Wewe ndiye unayesimama pembeni, barabara ni ya kazi yao.

Binti Kigamboni

Asanteni sana jamani, MamaZuhura Mungu akubariki. Dada anasema nisiende msituni kwa sababu ya wawindaji, na huo mwezi wa sita wapo?

Mwendapole

Mwezi wa sita uko salama kwa sehemu kubwa dada, msimu mkubwa wa uwindaji ni kuanzia mwezi wa tisa mpaka mwisho wa mwezi wa pili. Ukirudi wakati huo vaa kizibao cha rangi ya chungwa, na ukikuta kibao kimeandikwa chasse en cours, yaani uwindaji unaendelea, njiani geuza, tafuta njia nyingine. Kwako wewe cha kuangalia ni moto, misitu ya misonobari ya Landes kuna njia nzuri sana za mchanga zilizochongwa kwa ajili ya zimamoto, ila kukikauka serikali inazifunga, ulizia ofisi ya wilaya asubuhi ya siku hiyohiyo. Dada yako anaishi mji gani? Tukijua tutakupangia treni.