Sahani ya baba haionekani tena: birika letu la samaki limejaa ukoga

BintiWete (Wete, Pemba)

Assalaam aleykum ndugu zangu. Naomba msaada kwa mwenye kujua mambo ya mabirika ya samaki, maana mie nimeshachoka.

Uani kwetu kuna birika la saruji alilojenga marehemu baba. Urefu mita 3, upana mita 2, kina sentimita 70. Halina pampu wala chujio. Ndani mna perege, na yungiyungi mbili alizozipanda kwenye vyungu. Katikati ya sakafu baba alipachika sahani ya kaure yenye maua ya buluu, ilikuwa ya bibi yake, imevunjika ukingo. Akituambia, "Ikipotea sahani, jueni maji yanaumwa." Utoto wangu wote nilikuwa nikiinama pale naiona mpaka majani ya maua yake.

Huu ni mwezi wa nne sasa siioni. Maji yamekuwa kijani kizito kama mchuzi wa mchicha. Kutani umeota ukoga wa nyuzi ndefu, ukiushika unanata vidoleni kama nywele zilizolowa, na adhuhuri juu kunapanda utando wenye mapovu. Nimeshayatoa maji yote mara mbili, nikasugua kuta kwa brashi na chumvi, nikajaza upya. Haipiti wiki, kijani kimerudi. Yungiyungi moja imekufa.

Juzi nimetoka alfajiri kutia udhu nikawakuta perege wote wako juu, midomo nje, wanahema. Jua lilipopanda wakateremka. Hilo ndilo lililonitia khofu.

Mtu wa dukani kaniambia nitie kijiko cha mrututu, ile chumvi ya buluu ya shaba, ukoga utakufa kwa siku moja. Kabla sijatia nimesema niulize. Samaki hawa ni kizazi cha samaki wa baba, sitaki wanifie mikononi.

Mkulima_Kinyasini (Unguja)

Waaleykum salaam dada, pole. Mrututu mie nimeutumia kwenye tangi la kumwagilia na ukoga uliondoka wote. Lakini tangi langu halina samaki hata mmoja, kwa hivyo sikushauri. Ngoja waje wanaofuga.

MzeeWaMajimbi (Bububu, Unguja)

Mwanangu, usitie mrututu. Nakwambia kwa uchungu wa yaliyonikuta.

Nilitunza bustani ya nyumba moja ya wageni kwa miaka mingi, na bwawa lao lilikuwa kubwa kuliko lenu. Likajaa ukoga, nikatia mrututu Alkhamisi jioni. Ijumaa maji yakaanza kusafika, nikafurahi. Jumamosi asubuhi nilizoa perege wafu ndoo mbili. Mrututu unawachoma samaki matamvua. Na waliosalimika na sumu waliuawa na ukoga wenyewe, kwa sababu ulikufa wote kwa pamoja, ukazama, ukaanza kuoza, na kuoza kunakula hewa iliyomo majini. Baada ya wiki mbili ukoga mpya ulikuwa umeshaota. Chakula chake sikukiondoa, nilikiongeza.

Hao perege uliowaona alfajiri ndio habari yenyewe. Mchana ukoga ukipata jua hutoa hewa, na hayo ndiyo mapovu unayoyaona chini ya utando. Usiku jua hakuna, basi nao unavuta hewa kama samaki wanavyovuta, na kilichomo birikani ni hicho hicho wanachogombania. Saa mbaya kuliko zote ni kabla ya jua kuchomoza. Ukiwakuta tena wako juu, siku hiyo usiwape chakula. Chota maji ya humo humo kwa ndoo uyamwage kutoka juu, tena na tena, mpaka uwaone wanateremka.

Sasa nijibu. Birika linapigwa na jua kutoka saa ngapi mpaka saa ngapi? Samaki ni wangapi, wanakula nini, na nani anawapa? Mvua ikinyesha, maji ya uani yanateremkia wapi? Na zaidi ya yote: miezi minne iliyopita pale kwenu kulibadilika nini?

BintiWete

Mzee wangu, swali lako la mwisho limenifanya nikae chini.

Palikuwa na mshelisheli mkubwa upande wa mashariki. Tuliukata kabla ya masika tulipoongeza jiko, mizizi yake ilikuwa inapasua msingi. Matawi yake yalikuwa yakifunika birika tangu asubuhi mpaka karibu na alasiri. Sasa jua linapiga kutoka saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni.

Na pale uliposimama mti ndipo tulipohamishia banda la kuku. Pana mwinuko kidogo. Sikuwahi kulifikiria hilo, lakini ni kweli, mvua ikishuka maji yanapita bandani yakaingia birikani.

Chakula wanatupa watoto, wali uliobaki na vipande vya boflo. Samaki nimejaribu kuwahesabu jana nikafika sitini nikaacha. Baba hakuwa akizidisha kumi na tano, waliozidi akiwagawa kwa majirani.

MzeeWaMajimbi

Basi umeshajijibu mwenyewe, mwanangu. Ukoga unataka jua na unataka mbolea, na nyinyi mmempa vyote viwili katika msimu mmoja. Mavi ya kuku hayo hayo yanayonenepesha mchicha bustanini yakiingia majini yananenepesha ukoga. Wali unaozama bila kuliwa ni mbolea. Kinyesi cha samaki sitini ni mbolea. Baba yako alikuwa na kivuli, samaki wachache, na maji ya mvua yasiyopita penye uchafu. Maji yake yalikaa safi kwa hayo.

Anza na kuku leo hii. Kama banda halihamishiki, chimba mfereji juu ya birika, mkono mmoja kina, uyapinde maji yapite kando, na uyapeleke kwenye majimbi. Hapo ndipo lilipotoka jina langu humu. Majimbi yanakunywa maji machafu yakashukuru. Kwangu maji yote ninayoyapunguza bwawani yanaishia kwenye majimbi na migomba, na ukoga ninaouvua naulaza kwenye mashina.

Kivuli usingoje mti ukue. Piga fremu ya miti, tandaza makuti, ifunike kama theluthi mbili za birika upande unaopigwa na jua la mchana. Acha sehemu wazi ya yungiyungi iliyobaki, nayo bila jua haitoi ua. Ihamishie chungu kipya chenye udongo wa mfinyanzi mtupu, usitie samadi, juu uweke kokoto ili perege wasifukue. Majani yake yakitanda nayo ni kivuli. Ila akikuletea mtu gugu maji akakwambia linasafisha, mkatalie. Lilivyolisumbua Ziwa Victoria miaka ya 1990 wavuvi wa kule hawajasahau, na mbegu moja ikiteremka na mvua mpaka kwenye mto wenu mmeshaumiza kijiji kizima.

Samaki wapunguze mpaka kumi na tano, wabaki wa rika moja. Perege wanazaana haraka mno, kwa hivyo kazi hiyo hairudiwi mara moja kwa mwaka, ni ya kila baada ya miezi michache. Chakula ni kile wanachokimaliza kwa dakika tano, mara moja kwa siku. Kinachobaki juu kivue.

Na usimwage tena maji yote. Kuta na sakafu zina vijidudu vyema ambavyo hula uchafu wa samaki, ukisugua kwa chumvi unaviua na kuanza upya kila mara. Chota tope la chini taratibu kwa kopo, humo ndimo mbolea ilipojilimbikiza. Kila wiki toa robo ya maji, rudisha mapya. Kama ni ya bomba yenye klorini, yaache kwanza kwenye pipa wazi siku nzima juani. Nyuzi za kutani zizungushe kwenye kijiti kama unavyozungusha uzi, zitoke kwa wingi, kisha uziache zilizobaki.

Kitu kimoja usikitafute: maji ya kioo. Kijani kidogo ni chakula cha perege. Zamisha mkono wima, kiganja kimefunguka. Maji yakifika kwenye kiwiko na vidole bado unaviona kwa mbali, hapo ni sawa. Vikipotea maji yakiwa kifundoni mwa mkono, kumezidi.

MwaniPaje (Paje, Unguja)

Nilipoona mazungumzo ya ukoga nimeingia, maana sisi wa mwani tunapigana na ndugu yake. Kwetu ni baharini, lakini kaskazi likikaza, maji kupwa yakawa ya moto na yametulia, nyuzi kama hizo hushika kamba na mwani wenyewe ukadhoofika. Adui tunayemwona kila siku ni joto na maji yasiyotembea. Kwa hivyo, dada, hata kama huna pampu, jaribu kuyafanya maji yatembee. Shangazi yangu ana pipa la maji ya mvua kwenye kiunzi cha juu, kalitoboa tundu dogo chini, linachuruzika birikani usiku kucha. Asubuhi samaki wake hawahemi.

Jengine, ukiona utando mzito kama rangi ya nyumba iliyomwagika, wenye rangi ya buluu-kijani na harufu mbaya, mbuzi wasinywe hapo na watoto wasichezee. Huo si ukoga wa kawaida, huenda una sumu.

Mkulima_Kinyasini

Na shabu je, mzee? Bibi yetu akisafishia maji ya mtungi.

MzeeWaMajimbi

Kwenye mtungi sawa. Shabu inakusanya uchafu ukazama, lakini unazama tu, haukutoka. Tena inayageuza maji kuwa makali, na ukikosea kipimo samaki wanaumia. Birika lenye samaki silitii shabu.

BintiWete

Nimerudi, leo ni wiki ya sita. Niwieni radhi kwa kuchelewa, nilitaka nije na kitu cha kusema.

Mfereji tumechimba mimi na kaka yangu siku mbili, na mvua iliyofuata nilisimama na mwavuli kuyaangalia maji ya banda yanapinda. Yamekwenda kwenye majimbi kama ulivyosema. Makuti pia tumeweka. Wiki mbili za mwanzo sikuona mabadiliko yoyote, nilitaka kulia. Tope nililolichota lilijaa makarai manne, jeusi, linanuka kama boga lililooza, na ndani yake mna punje za wali nzima.

Perege arubaini na kitu nimewagawa, kama alivyokuwa akifanya baba. Watoto wamenuna kwa kukatazwa kutupa boflo, ila sasa mdogo ndiye anayehesabu dakika tano.

Wiki ya nne nyuzi za kutani zikaanza kulegea. Pipa la MwaniPaje nimelitia pia, na tangu hapo sijawaona samaki juu alfajiri hata siku moja. Yungiyungi imetoa majani matatu mapya.

Leo saa sita mchana nimezamisha mkono, vidole nimeviona mpaka kiwikoni. Halafu nikainama vizuri, nikafunika macho kwa kiganja kuzuia mng'aro. Maua bado siyaoni. Lakini ukingo wa sahani, ule upande uliovunjika, nimeuona.

Mzee, niendelee na robo ya maji kila wiki, au sasa nipunguze?

MzeeWaMajimbi

Endelea hivyo hivyo mpaka uyaone maua. Kisha ndoo tano kwa wiki zinatosha.